Miguu Mitatu ya Sentineli

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kiti kipya cha plastiki, mkanipa Fanta baridi, mkasema: "Papa Mugisho aseme maneno mawili." Nilisema mawili kamili: aksanti sana. Kisha nikakaa, kwa sababu kiti kilikuwa kizuri. Baadaye nikasikia mnalalamika kwamba mzee amewanyima hadithi. Basi haya ndiyo maneno mengine. Nimeyaandika nyumbani, mahali ninapokula vizuri, ninapolala vizuri, na kusema kweli mahali pekee ninapofika bila kuuliza njia.

Juu ya vyeo sitaandika. Nilipewa vichache, na vyote vilikuwa karatasi. Mshahara nao tuuache upumzike, umechoka kuliko mimi.

Niliingia kituo chetu cha utafiti na diploma yangu ya sekondari na suruali ya kaka yangu, iliyonipita kimo. Vijana wa darasa langu walikuwa wanaenda Mwenga na Shabunda kutafuta dhahabu. Mimi nilisikia kwamba kuna kazi ya kuchunga bokali, yaani mitungi ya kioo, za nyoka na samaki juu ya kilima, na kwamba kutoka kwenye dirisha la chumba hicho mtu anaweza kuona paa la nyumba yetu. Sikuuliza swali la pili. Wengine wanafuata wito; mimi nilifuata paa.

Aliyenipokea alikuwa Papa Ntaboba, preparateri wa zamani, yaani mhifadhi wa wanyama waliokufa, mtu mfupi mwenye koti la buluu na miwani iliyoshikwa na uzi wa kuvulia samaki. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akarudia, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Uko na mafua?"

"Hapana, papa."

"Utakuwa nayo. Harufu ya hapa inafungulaka pua, kisha inaifungaka. Ukianza kuona chakula ya bibi yako iko bila harufu, ujue umekuwa mutu wa kazi."

Sikuwa na bibi bado, yaani mke. Nilipompata, nilimweleza jambo hilo mapema, na mpaka leo ananilaumu kwamba ndiyo sababu sisifu sombe yake ya majani ya muhogo.

Siku ile ya kwanza sikufanya kitu kingine ila kujifunza kubeba bokali. Mnacheka, lakini mimi nimewaona nyinyi mnavyozibeba, na sitataja majina. Mkono mmoja chini, mkono mwingine ubavuni, kifuniko hakishikwi kabisa. Unatembea polepole, humsalimii mtu. Papa Ntaboba alinipa bokali iliyojaa maji matupu nizunguke nayo chumbani, na kila nilipopita mbele yake alininong'oneza kwa sauti ya heshima: "Asinge, Mugisho." Mshi yeyote akisalimiwa asinge lazima aitike, mdomo unajiendea wenyewe. Nikaitika, maji yakamwagika juu ya suruali ya kaka. "Tena," alisema.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kulikuwa na koleo ndefu za chuma, sindano, uzi, kopo la vaselini ya kupaka kwenye vifuniko, na kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya alkoli na kuonyesha kama ina nguvu au imelegea. Kituo kizima kilikuwa na kijiti kimoja tu. Papa Ntaboba alikilaza ndani ya soksi ya sufu, na soksi ndani ya droo, na ufunguo wa droo mfukoni mwake. Nadhani watoto wake hawakuwahi kulala vizuri namna ile.

Kwa mtu anayetazama kutoka mlangoni, kazi yenyewe ni kuongeza alkoli. Alkoli ni mgeni asiyeaga. Unaifunga, unapaka vaselini, unakaza, na bado siku moja unakuta imeondoka kidogo na mgongo wa chura uko nje, umekauka. Ukichelewa unapoteza chura. Ukiongeza maji kwa uvivu, unapata supu. Papa Ntaboba alipita mbele ya rafu kila asubuhi akiinama kila hatua, kama padri anayebariki, na mimi nyuma yake na kopo. Vyura wa Kahuzi, nyoka wa bonde la Ruzizi, samaki wa Tanganyika wanaofanana mpaka unataka kulia. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kulia kweli, mbele ya samaki wawili ambao tofauti yao ni meno tu. Papa Ntaboba aliniacha nimalize, akanipa lenzi.

Chini kabisa, kwenye kona ambako jua halifiki, alikaa Sentineli.

Jina lake la kisayansi ni Bathypterois grallator, jina refu kuliko bokali yake. Sisi tulimwita Sentineli kwa sababu kazi yake ni ile ya wale wazee wanaolinda magheti ya watu: kusimama mahali pamoja, gizani, na kungoja. Niwaeleze vizuri alivyo, kwa maana najua baadhi yenu mmefanya miaka hapa mkimpita kama ndoo ya kupangusia.

Mwili wake ni mwembamba, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Kichwa kimebapa kama cha mjusi, mdomo ni mpana, na taya la chini limetokeza mbele kama la mtu anayebishana. Akiwa hai alikuwa na rangi ya shaba iliyochafuka. Alkoli imemfanya awe kama chai yenye maziwa mengi. Macho yake ni madogo kupita kiasi, punje mbili za ulezi zilizobandikwa pale kwa kutimiza desturi tu. Badala ya macho anatumia mapezi ya mabegani. Yale yana nyuzi ndefu, laini kama nywele, na anaziinua juu ya kichwa zikielekea mbele, kama mtu anayetembea chumbani umeme ukiwa umekatika, mikono mbele, akitafuta meza kabla meza haijampata.

Halafu miguu. Samaki ana miguu mitatu, ndiyo. Ni nyuzi ngumu za mapezi, mbili zinatoka tumboni na moja chini ya mkia, na kila moja ni ndefu kuliko mwili wake. Anaishi kule ambako mwanga wa jua umeshamalizika mbali juu, chini kabisa ya bahari kubwa, kwenye tope laini kama bugali isiyoiva. Kuna baridi. Hakuna jani, hakuna asubuhi, hakuna jioni. Samaki wengine wa kule wanahangaika, wanawasha taa zao, wanakimbizana. Yeye anachoma miguu yake mitatu ndani ya tope, anasimama juu yake kama kigoda, na hapo ndipo kwao. Hafukuzi kitu. Vidudu vidogo mfano wa kamba wa baharini vinapita, vinagusa zile nywele zake, na yeye anafungua mdomo. Basi.

"Na bibi?" nilimwuliza Papa Ntaboba siku aliponionyesha.

"Hatafutaka. Ndani ya mwili moja iko bwana na iko bibi. Mwenzake akipita, vizuri. Asipopita, atajitegemea."

Jioni ile nilimweleza mke wangu, wakati ule bado mchumba wangu, kwamba nimeona samaki anayesimama nyumbani siku zote akingoja chakula kimjie mdomoni. Baada ya miaka ya ndoa nilimweleza tena, nikisahau kwamba nilishamweleza. Akasema: "Ile samaki ninaijua. Niliolewa naye."

Wageni wote walituuliza kama Sentineli alitoka chini ya ziwa letu. Unawaona wanatazama dirishani, wanatazama maji ya Kivu, wanaanza kuogopa kuoga. Papa Ntaboba aliwajibu jibu lile lile, bila kuchoka: hapana. Ziwa letu ni refu kwenda chini, lakini chini kule ni gesi, hewa ya kupumua hakuna, hakuna samaki anayekaa. Sambaza wetu, wale dagaa, wanabaki juu. "Iko kama nyumba ya vyumba mingi, ya chini yote imefungwa," alisema. Sentineli alitoka baharini, mbele ya mdomo wa mto Kongo, akaletwa huku zamani, sisi tukapeleka samaki wetu wa Tanganyika kwa kubadilishana. Kwa hiyo ni Mkongomani kama sisi, ila hajawahi kuombwa kitambulisho njiani.

Lakini walimtuma vibaya. Bokali ilikuwa fupi. Miguu yake mitatu ilikunjwa kwa nyuma na kufungwa kwa uzi, kama kuku anayepelekwa soko la Kadutu. Kwa miaka yote watu walimwona akiwa amefungwa, na waalimu waliwafundisha wanafunzi juu ya samaki anayesimama wakiwaonyesha samaki aliyelala. Jambo hili lilimla Papa Ntaboba. Hakuwahi kumfungua, maana kumfungua bila chombo kirefu ni kumuua mara ya pili. Alisema tu, kila tulipofika kona ile asubuhi: "Siku moja, Mugisho. Kabla sijaenda pensheni. Nitaiona imesimama."

Nilikuwa naitika ndiyo, papa. Pensheni yake ilipokaribia, niliitika kwa sauti ya chini zaidi.

Ndipo ardhi ikatikisika. Mnajua Bukavu, inatikisika mara kwa mara, tunatoka nje na mashuka, tunahesabiana, tunarudi kulala. Mara ile tulipofika kazini tulikuta vyura wako salama, nyoka wako salama, na kwenye kona ya chini kuna ziwa dogo la alkoli na vipande vya bokali. Sentineli alikuwa amelala kwenye sementi. Uzi ulikuwa umekatika. Miguu yake, baada ya miaka yote ile, ilikuwa inafunguka yenyewe, polepole, kama mtu anayenyoosha goti baada ya misa ndefu.

Papa Ntaboba aliinama. Alimwinua kwa mikono miwili, akamlaza kwenye sinia. Tulikusanya alkoli iliyobaki ghalani, tukalowesha vitambaa, tukamfunika. Ilitosha vitambaa tu. Njia za kuleta nyingine zilikuwa zimefungika wakati ule, kama zinavyofungikaka, na farmasi zilikuwa na vichupa vya kupangusia mtu kabla ya sindano.

Shefu wetu, mkuu wa kituo, akashuka kuangalia. Hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Alikuwa mtu mwenye wageni Jumatatu.

"Hii itaingia wapi sasa?"

"Bokali yenye kuitosha haiko, Shefu," alisema Papa Ntaboba. "Miguu imeshafunguka. Tukiikunja tena itavunjika."

Shefu aliwaza. Alikuwa na haraka lakini aliwaza kweli. "Basi mukate miguu. Mwili utaingia mu bokali kubwa ya mayonezi, ile ya hoteli, alkoli kidogo itatosha. Afazali samaki bila miguu kuliko kukosa samaki."

"Ukimukata miguu, Shefu, utaandika nini juu ya bokali?"

"Nitaandika samaki."

"Samaki iko mingi mu soko."

Shefu alitoa miwani, akaisafisha kwa tai yake. "Papa Ntaboba, ninakuheshimu. Mpaka Jumatatu asubuhi. Kama nitaikuta ndani ya alkoli na miguu yake, vizuri. Kama nitaikuta ku sinia, nitaleta makasi miye mwenyewe. Sitaki ioze yote."

Alipotoka, Papa Ntaboba aliondoa karatasi zilizorundikwa ndani ya akwariomu, sanduku la kioo la kufugia samaki, ile iliyokauka zamani pale mlango wa mbele. Akaanza kupima vioo vyake kwa shubiri. Alitaka kuvikata na kuviunga upya kwa silikoni, vitoe sanduku jembamba, refu wima. Niliona hesabu yake mara moja, na niliona kasoro yake: sanduku lile lingekunywa alkoli kuliko rafu nzima ya vyura.

"Tutaijaza na nini, papa?"

"Kanyanga."

Nikacheka, maana kanyanga ni pombe kali ya ndizi, ya walevi. Yeye hakucheka.

"Kanyanga ni alkoli, Mugisho. Ikipikwa mara mbili iko na nguvu. Utaenda Mumosho, utauliza Maman Nzigire."

"Miye?"

"Weye. Miye niko na silikoni ku mikono."

Mumosho si mbali. Mnaenda huko kwa harusi na kurudi kabla sosi haijapoa. Kwangu ilikuwa safari. Niliaga nyumbani kama mtu anayevuka mpaka. Mke wangu alinifungia chakula cha njiani akicheka mpaka akakaa chini. Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, na kila kona nilimwuliza mwenye moto kama tumefika, mpaka akasimama, akageuka na kuniambia: "Papa, tungali mu Bukavu." Niliikumbatia soksi yenye kijiti cha kioo kifuani, nikafumba macho. Kwa hiyo juu ya mandhari msiniulize. Nilisikia tu mto Ruzizi mahali fulani kushoto, au kulia.

Maman Nzigire nilimkuta katikati ya migomba yake, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mbele ya pipa lililokuwa linachemka. Kutoka kwenye pipa ulitoka mrija, ukapita ndani ya maji baridi, na mwisho wake ulidondosha kanyanga ndani ya bidoni, lile dumu la plastiki. Alikuwa mama mpana, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na sauti ya mtu aliyezoea kugombeza walevi. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza, kama inavyotakiwa kwetu mtu anapompa mgeni kinywaji, kisha akanipa kilichobaki. Nilikunywa. Nilipoweza kusema tena, nilisema shida yangu: bidoni kadhaa, zenye nguvu, kabla ya Jumatatu.

"Iko harusi?"

"Hapana, maman."

"Kilio? Pole, papa."

"Hapana. Iko ya samaki."

Alikoroga moto wake. "Ya kupikia samaki."

"Ya kuweka samaki ndani. Ili isimame."

Maman Nzigire alijifuta mikono. Halafu akawageukia majirani wawili waliokuwa wanamenya ndizi pembeni. "Munamusikia? Batu ba Bukavu banakunywa mpaka samaki inasimama!"

Wakacheka vizuri, na mimi nikacheka kidogo ili nisiachwe. Kisha nikamweleza. Nilimweleza tope, giza, nywele za kupapasa, miguu mitatu, uzi, makasi ya Jumatatu. Nilimweleza Papa Ntaboba na pensheni yake. Nilipofika kwenye pensheni aliacha kukoroga.

Alimimina kanyanga kwenye kijiko, akaiwasha. Moto ulikuwa wa buluu, ukazimika na kuacha maji kwenye kijiko. Mimi nikatoa kijiti kutoka kwenye soksi, nikakiacha kielee ndani ya bidoni. Tuliinama pamoja, kila mtu juu ya kipimo chake, na tukakubaliana: haitoshi.

"Nitapika tena mara ya pili," alisema. "Lakini sikupatii."

"Maman, tafazali..."

"Sikupatii weye. Kinywaji sipatiaka mutu sijaona sura yake. Nitaileta mwenyewe siku ya Yenga, nyuma ya misa. Nitamuona kwanza."

Nilirudi bila kitu mkononi ila ahadi ya Jumapili. Papa Ntaboba alikuwa amemaliza kuunga vioo, vidole vimeshikana kwa silikoni, na alipoona sina bidoni uso wake ulisawijika. Nikamwambia atakuja. Alisema: "Atakuja," lakini alilisema kama mtu anavyosema juu ya mvua. Aliloanisha vitambaa tena, na chupa ya alkoli iliishia mkononi mwake.

Jumapili tulikaa chumbani tangu asubuhi. Misa iliisha mjini, tuliona watu wakishuka na nguo zao nzuri. Vitambaa vilianza kukauka pembeni, na karibu na mkia nilisikia harufu ambayo sikutaka kuisikia. Papa Ntaboba pia aliisikia. Miaka yote ile pua yake ilikuwa imefungwa, na siku hiyo ikafunguka. Tulikuwa tunatazama sinia tu wakati moto mbili zilipoingia kwenye ua, bidoni zimefungwa huku na huku, na Maman Nzigire ameketi juu ya ile ya mbele na kitenge cha misa.

Hakutusalimia kwanza. Alienda kwenye sinia, akainua kitambaa. Alimtazama Sentineli kuanzia taya mpaka ncha ya miguu.

"Eh, maskini," alisema. "Na hii yote juu ya kungojea kula tu?"

"Njo kazi yake, maman," alisema Papa Ntaboba.

"Iko kama bwana wangu, Mungu amurehemu." Akafungua bidoni ya kwanza, akamimina kwenye kifuniko, akanywa, macho yakamtoka. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa inaweza kukunywa."

Kijiti kilielea pale tulipotaka kielee. Tulimimina polepole kwenye ukuta wa kioo ili isitoe povu. Tulipofika nusu, kona ya chini ilianza kutoa jasho, tone, kisha tone jingine. Silikoni ilikuwa haijakauka vizuri. Papa Ntaboba aliweka kidole, tone likapita pembeni ya kidole. Akasema jina la Mungu kwa Kishi, Nyamuzinda, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Muko na unga ya muhogo?" aliuliza Maman Nzigire.

Kwa sentineli wa gheti, yule wa kweli, tulipata unga aliokuwa ameweka kwa chakula chake cha jioni. Maman aliukanda na maji kidogo kwenye kiganja, ukawa mgumu, akaukandamiza kwenye kona kwa nje, akaupaka, akaubana kwa ubao. "Njo vile tunafungaka pipa. Mukuje kuifunga muzuri siku ingine." Tulisubiri, tumeinama sote watatu. Kona ikanyamaza.

Ikafika kumwingiza. Papa Ntaboba alitaka kumwona akisimama, kwa hiyo mimi nilishika mwili, Maman Nzigire akashika mguu wa mkia kwa vidole viwili, na Papa akapiga magoti chini, macho sawa na kioo, akituongoza. "Polepole. Kushoto. Muiache." Tukamwachia.

Alishuka. Nywele zile za mabegani ziliinuka zenyewe ndani ya kinywaji, zikafunguka juu ya kichwa, kitu ambacho hakuna mtu wa Bukavu aliyewahi kukiona. Ncha ya mguu mmoja ikagusa kioo cha chini. Ya pili. Ya mkia ikateleza, ikatafuta, ikakaa. Aliyumba upande mmoja, akarudi. Miguu haikunyooka yote, kwa sababu ya miaka ya uzi. Ilibaki na pindo dogo katikati, kama magoti ya mzee ambaye anataka kukaa lakini bado anasalimia watu. Ila alikuwa amesimama.

Papa Ntaboba alibaki chini pale. Hakulia, nawaambia ukweli, alikuwa anatabasamu kijinga kabisa, kama mtoto aliyepewa baiskeli. Kisha uso ukabadilika.

"Imeangalia wapi?"

"Ukuta, papa."

"Hapana. Tuigeuze. Kule kwake inageukiaka fasi maji inatokea, sababu maji njo inamuletea chakula. Haipatiaka maji mugongo."

Ndani ya sanduku maji hayaendi popote. Nilisema labda aelekee dirisha, kwenye ziwa, ni maji pia. Papa Ntaboba alikataa: ziwa halijawahi kumpa kitu.

"Chakula yake leo imetokea wapi?" aliuliza Maman Nzigire, akikaza kifuniko cha bidoni tupu. "Ku mulango. Miye njo nimepita nayo."

Papa Ntaboba alimtazama, akacheka kicheko cha chini ambacho kilimtikisa mabega. Tukalisukuma sanduku pamoja, kidole kwa kidole, ubao na unga na yote, mpaka taya lile la kubishana likaelekea mlangoni.

Jumatatu Shefu alikuja mapema kabla ya wageni. Makasi yalikuwa mfukoni mwa koti, niliona mpini. Alifungua mlango, akasimama hapo hapo, mkono kwenye kitasa.

"Iko naniangalia."

"Macho yake haionaki, Shefu," alisema Papa Ntaboba. "Iko nakungojea tu."

Shefu aliingia polepole, akazunguka sanduku lote, akanusa, akauliza hii ni alkoli gani. Tulimwambia. Alifikiri kidogo, akasema wageni tuwaambie ni ya ndizi, itawapendeza. Ikawapendeza. Mmoja aliomba kuonja.

Papa Ntaboba alienda pensheni baada ya muda mfupi, akaniachia soksi na ufunguo. Kila alipopita kilimani aliingia kusalimia, na ningependa kujisifu, lakini aliyekuja kumsalimia si mimi. Alisimama kizingitini kidogo kabla ya kuingia, mahali nywele zile zingemgusa kama maji yangekuwa yanatembea. Maman Nzigire aliendelea kuleta bidoni hata wakati alkoli ya ghalani ilikuwa imerudi. Alisema ile ya kwetu ni nyepesi, inamkondesha mtu wake.

Sasa nasikia mnataka kulisogeza sanduku, kuligeuzia ukuta, kwa sababu mwanga wa mlango unamfifisha rangi. Juu ya mwanga mna haki kabisa, nami nilipaswa kuliona. Shoneni pazia nene, mlitundike mlangoni, mtu akiingia alifungue na kulirudisha. Lakini msimgeuze. Angalieni kona ya chini kila asubuhi, ongezeni kabla nywele hazijatoka nje, na kila mara mkifungua bidoni mpya, mmoja wenu aonje kwanza. Kisha semeni naye kidogo, hata ujinga. Anayengoja lazima mara moja moja apitiwe na kitu.